Rangi ya milango inachunika: je, nitoboe fenda nifunge raba za kuzuia tope?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa viazi, shamba langu liko upande wa Makete na mzigo nashusha Uyole, Mbeya, kwa kupitia Kitulo na Isyonje. Nina Toyota Hilux ya milango minne. Msimu huu wa mvua nimeona rangi ya chini ya milango ya mbele imechunika mpaka chuma kinaonekana, na kwenye ukingo wa chini ya milango kutu imeanza. Gari nililinunua likiwa halina raba za kuzuia tope, na mwaka jana niliweka matairi mapana zaidi kwa ajili ya utelezi. Fundi mmoja ananiambia nitoboe fenda (bodi inayozunguka tairi) nifunge raba. Shemeji yangu anasema nikitoboa nimekaribisha kutu, tena raba zinashika tope na kula mafuta. Jirani yangu alifunga, siku moja akarudi nyuma shambani, raba ikang'oka na kipande cha fenda. Dukani Mwanjelwa kuna za plastiki ngumu, na fundi mwingine anasema atanikatia za mkanda wa konveya, ule mkanda wa raba unaobeba mizigo kwenye mashine. Nifunge au niache? Nichukue zipi? Na dereva wangu anaweza kuzifunga mwenyewe nyumbani?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana gari ulilolihangaikia kwa jasho la viazi linauma ukiliona linaliwa na kutu kabla ya wakati wake. Jibu langu ni ndiyo, funga, na uanze na za mbele. Tundu la kufungia halitaliozesha gari lako kama litatunzwa siku ile ile linapotobolewa. Shemeji yako hajakosea kuogopa kutu, ila anamwogopa mtu asiye mwenye kosa. Jirani yako naye alifunga kitu sahihi kwa namna isiyo sahihi. Nitafika huko kote.

Lakini kuna sentensi moja umeitaja kwa kupita, nayo ndiyo iliyonishtua kuliko zote: mwaka jana uliweka matairi mapana zaidi. Nadhani sehemu kubwa ya shida yako ilianzia hapo, na usipoielewa unaweza kufunga raba nzuri kabisa na msimu ujao ukarudi na kilio kile kile.

Tairi likizunguka, kila kilichoshikwa na meno yake, tope, maji au kokoto, kinavutwa kwenda nje. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 77 hivi, ambalo ni la kawaida kwenye Hilux nyingi. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kokoto iliyobanwa kwenye meno ya tairi hilo inavutwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 130 ya uzito wake. Kwa hiyo kijiwe cha gramu 10 kinavutwa kana kwamba kina zaidi ya kilo moja. Kikiachia, kinatoka kwa kufuata mstari ulionyooka kutoka pale kilipoachia, kwa kasi ile ile ya gari. Kikiachia chini karibu na ardhi, kinakwenda nyuma. Kikiachia juu kidogo, nyuma ya tairi, kinapanda na kupiga ndani ya fenda, au kupita kando yake na kupiga mlango. Ukipunguza mwendo hadi 40, nguvu ile inashuka hadi robo, siyo nusu. Ndiyo maana siku ukienda pole pole unafika gari likiwa na tope la chini tu, na siku dereva akiwahi soko unakuta limepanda mpaka kwenye vioo.

Sasa fenda ya gari lako ilichorwa kwa ajili ya tairi la upana fulani. Tairi lile lilikaa ndani ya fenda, na yote yaliyorushwa yalikutana na chuma cha ndani kwanza. Ukiweka tairi pana linalotokeza hata sentimita 2 au 3, ile sehemu iliyotokeza haina paa. Inarusha moja kwa moja kwenye mlango, na hakuna kitu katikati. Ongeza na kona za kupanda Kitulo. Unapokata usukani kulia, ukingo wa nyuma wa tairi la mbele la kushoto unatoka nje zaidi ya fenda. Ukikata kushoto, la kulia nalo linafanya vivyo hivyo. Barabara iliyonyooka ingekusamehe, ile ya kona haisamehi. Na udongo wa kule juu, wenye majivu ya volkano za zamani, una chembe ngumu ndani yake. Ukirushwa kwa kasi unafanya kazi ya msasa. Rangi haichubuki kwa jiwe moja kubwa tu, inasuguliwa kidogo kidogo kila safari.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo hili. Siku gari likirudi na tope la mvua, usilioshe. Liache likauke, kisha simama kando yake na uangalie lile tope lilivyochora. Nyuma ya kila tairi utaona mchoro kama upepeo, mwembamba karibu na tairi, unapanuka kuelekea nyuma. Angalia unaanzia wapi na unafika juu kiasi gani. Kama unaanzia chini kabisa ya fenda na kubaki kwenye ukingo wa chini ya milango, basi raba ya upana wa kawaida itakutosha. Kama umepanda hadi katikati ya mlango na unaanzia nje ya fenda, basi ni yale matairi. Pima pia kwa futi ya chuma au ubao ulionyooka: usimamishe wima ukigusa ukingo wa fenda juu ya tairi, na uone tairi limetokeza sentimita ngapi nje ya ubao. Namba hiyo iandike, utaihitaji.

Ukikuta yametokeza, una njia tatu, na zote zina gharama yake. Ya kwanza ni kuyavumilia mpaka yaishe, kisha ukinunua mengine urudi kwenye kipimo cha kiwandani, ambacho kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Hii ndiyo ninayoipenda. Najua uliyaweka mapana kwa sababu ya utelezi, na nia ilikuwa njema, lakini kwenye tope laini lililo juu ya ardhi ngumu tairi jembamba lenye meno marefu mara nyingi linapenya hadi kwenye ardhi ngumu na kushika, wakati pana linaelea juu ya tope. Upana unasaidia zaidi kwenye mchanga. Ya pili ni kufunga vile viongezo vya fenda vya plastiki vinavyofunika sehemu iliyotokeza. Vinafanya kazi, ila vinahitaji matundu mengi zaidi kuliko raba, na tope linajificha nyuma yake. Ya tatu ni kufunga raba pana inayotoka nje ya fenda kwa sentimita 3 au 4. Ni rahisi, lakini ncha hiyo iliyotoka itashika vichaka na matuta ya shamba, kwa hiyo iwe raba laini na siyo kitu kigumu. Kwa hali yako ningeanza na hii ya tatu kwa msimu huu, na ya kwanza matairi yakiisha.

Tuje kwenye tundu na kutu, maana hapo ndipo watu wengi wanaposhindana bila kuelewana. Chuma cha fenda ni chembamba, kiasi cha milimita 0.7 hadi 0.8, na kinalindwa na rangi na praima, yaani rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Ukitoboa, umefungua mduara mdogo wa chuma kitupu. Ukiuacha hivyo na kukaza skrubu, maji yanaingia kati ya skrubu na chuma, yanakaa humo siku nzima, na kutu inatambaa chini ya rangi bila wewe kuiona mpaka ivimbe. Hicho ndicho shemeji yako amekiona kwenye magari ya watu, na ameona kweli. Lakini mduara ule ule ukisafishwa makali kwa tupa ndogo, ukapakwa praima mara mbili, ukapakwa rangi, ukaachwa ukauke kabisa, kisha bolti ikafungwa na washa ya raba chini yake, hakuna mahali pa maji kuingilia. Kazi yenyewe ni ya muda mfupi, kinachochelewesha ni kusubiri rangi ikauke. Mafundi wengi huiruka kwa sababu mteja amesimama pembeni anaangalia saa. Mwambie fundi wako mapema kwamba huna haraka.

Na linganisha: sasa hivi una sehemu yenye upana wa kiganja kwenye kila mlango ambayo chuma chake kiko wazi kwa mvua ya Kitulo. Matundu manne ya milimita 6 yaliyopakwa rangi si chochote mbele ya hilo.

Kwa hiyo kutu iliyopo itibiwe kwanza. Ukifunga raba leo na kuacha kutu chini ya milango, utakuwa umezuia mawe lakini ugonjwa unaendelea. Osha, kausha kwa siku moja ya jua, piga msasa mpaka chuma king'ae na pasibaki doa la kahawia hata kwenye vishimo vidogo, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi. Sehemu za chini kabisa unaweza kuongeza ile rangi nzito nyeusi inayopakwa chini ya gari. Ila hapo nakuomba sana: chini ya milango na chini ya ule ukingo wa bodi kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vimewekwa kiwandani kwa makusudi. Nimeona magari yamepakwa rangi nzito ikaziba vitundu vyote, maji yakabaki ndani, na bodi ikaoza kutoka ndani kwenda nje huku nje inang'aa. Vipitishie kijiti kabla na baada ya kupaka.

Chukua pia bisibisi, usukume kwa nguvu ya wastani kwenye ule ukingo wa chini ya milango ulioanza kutu. Ikigonga na kurudi, endelea nyumbani. Ikizama, au chuma kikibonyea kama boksi lililolowa, simama hapo. Hiyo si kazi ya msasa tena. Mpelekee fundi bodi akate kilichooza na kuweka chuma kipya, kwa sababu ukingo ule unasaidia kuimarisha bodi ya gari na kuwalinda mliokaa ndani.

Sasa raba zenyewe. Zile za plastiki ngumu za dukani zina uzuri wake: zimekunjwa kufuata umbo la fenda, na nyingine zinafungwa kwenye matundu yaliyoachwa na kiwanda, bila kutoboa chochote. Kama gari lako lingekuwa na matairi ya kiwandani ningekwambia chukua hizo na usihangaike. Kwako zina mapungufu mawili. Ni nyembamba kuliko tairi lako, na plastiki ngumu hupasuka ikigongwa na jiwe, hasa asubuhi za baridi. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, na mwezi wa sita na wa saba wewe mwenyewe unajua barafu inavyotanda kwenye majani alfajiri. Plastiki iliyolala kwenye baridi hiyo inakuwa kama kigae.

Mkanda wa konveya una nguvu kwa sababu ndani yake kuna tabaka za kitambaa, haupasuki ovyo. Shida ni unene. Kipande cha sentimita 30 kwa 45 chenye unene wa milimita 10 kina uzito unaokaribia kilo 1.6. Kitundike kilo hizo kwenye chuma chembamba kama nilichokueleza, ukipitishe kwenye kilomita za barabara ya changarawe yenye mawimbi, na baada ya miezi michache matundu yatakuwa yamepanuka na fenda imeanza kupasuka pembeni ya bolti. Mwombe fundi akutafutie wa milimita 4 hadi 6. Wa milimita 5 una nusu ya uzito ule, bado una kitambaa ndani, na unakunjika ukigusa kitu. Huo ndio chaguo langu kwako. Raba iliyokatwa kwenye tairi chakavu usiikubali hata ukipewa bure. Nyingi zina nyaya za chuma ndani, zikianza kuchomoza zinakata mkono wa anayeosha gari, na zikigusa tairi lako zinalichana.

Lile la jirani yako nalijua vizuri, maana limeshaletwa kwangu si mara moja. Gari linarudi nyuma kwenye ukingo wa shamba au tuta, ncha ya raba inagusa udongo, inakunjwa mbele chini ya tairi, na tairi linaipanda. Kuanzia hapo uzito wote wa kona ile ya gari umekanyaga raba huku gari linaendelea kurudi. Lazima kitu kiachie. Kama raba ni nene na imefungwa kwa skrubu kubwa moja kwa moja kwenye fenda, kinachoachia ni fenda, kwa kuwa ndiyo dhaifu. Dawa yake ni kupanga wewe mwenyewe ni kitu gani kiachie. Mimi hubana raba kwa ubapa wa chuma au wa aluminiamu unaokwenda upana wote, ili nguvu isambae badala ya kukaa kwenye tundu moja. Kisha nakata mpasuo mdogo kutoka kila tundu la raba hadi ukingo wake wa juu. Siku za kawaida ule ubapa unaibana raba na haiendi popote. Siku tairi likiikanyaga, raba inachomoka kwa kwenda chini, bolti zinapita kwenye ule mpasuo, fenda inabaki salama. Unaiokota, unaifuta, unairudisha.

Jambo la pili, toboa tundu dogo kwenye pembe ya chini ya kila raba. Mkifika shambani, dereva apitishe kamba na kuziinua raba za nyuma, azifunge juu mpaka mzigo upakiwe na gari ligeuzwe. Madereva wa malori ya miti wanafanya hivyo, nao wana sababu.

Kuhusu mafuta, usiwe na wasiwasi. Raba inaongeza ukinzani kidogo wa upepo, lakini kwa mwendo wa barabara yako na kwa mlima wako hutauona kwenye pampu. Matairi mapana na upepo mdogo ndani yake vinakula mafuta zaidi kuliko raba nne. Na kushika tope? Hapo shemeji ana nusu ya haki. Raba iliyofungwa karibu mno na tairi inajaza tope kwenye nafasi ile, hasa ukipita kwenye udongo mwekundu unaonata kama wa Njombe na Mufindi, na tope lile linakaa na unyevu wake dhidi ya chuma wiki nzima. Kwa hiyo acha nafasi. Mimi huacha sentimita 7 au 8 kati ya tairi na raba kwa magari ya njia zenu, na sishuki chini ya 5 hata kwa gari la mjini.

Urefu ndio unaokosewa zaidi ya yote. Raba hupimwa gari likiwa limepakia. Pikapu yako nyuma ina springi za majani, na ukiweka mzigo wa karibu tani 1, ambao ndio kiasi cha pikapu nyingi za aina hii, nyuma inashuka sentimita kadhaa. Ukipima gari tupu, siku ya viazi raba zitaburuta. Pakia gunia zako, paki mahali tambarare, pima kutoka ardhini. Nyuma nakata raba ibaki sentimita 20 juu ya ardhi gari likiwa na mzigo. Kwa tairi la kipimo tulichokisema, raba ikiwa imekaa sentimita 7 nyuma yake, kokoto inayopita chini ya raba hiyo ni ile tu inayotoka kwa mwinuko mdogo, chini ya nyuzi 30 hivi. Ukiongeza urefu zaidi unapata faida kidogo sana na unapata kero kubwa shambani. Upana ufunike tairi lote na kuzidi kidogo, sentimita 1 au 2 kila upande, pamoja na ile namba uliyoiandika ya tairi kutokeza nje.

Dereva wako anaweza kufunga mwenyewe kama ni mtu mtulivu na ana drili. Akate kwanza kielelezo cha boksi, akishikize kwa tepu mahali raba itakapokaa, kisha azungushe usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia huku wewe unaangalia. Boksi likiguswa na tairi mahali popote, apunguze. Boksi ni bure, raba si bure. Akifanya kazi upande wa kushoto mbele, akate usukani kushoto kabisa: nyuma ya tairi inaingia ndani na mkono unapata nafasi. Upande wa kulia hivyo hivyo kwa kulia. Hahitaji hata kufungua tairi. Akiamua kuinua gari, jeki peke yake haitoshi kumweka mtu chini yake. Aweke stendi imara, breki ya mkono, na kabari kwenye matairi yaliyobaki chini.

Atafute kwanza matundu ya kiwandani kwa kupapasa ndani ya fenda, mara nyingi yapo, yamezibwa na klipu ya plastiki. Pasipo na tundu, achungulie nyuma ya chuma kabla ya kutoboa. Na hapa ndipo nataka asikie kwa makini. Nyuma kuna waya za taa, kuna waya wa sensa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) unaoelekea kwenye tairi, kuna bomba la breki, na upande wenye mdomo wa tanki kuna bomba la kujazia mafuta ambalo kwenye pikapu nyingi linapita pembeni ya bodi karibu na tairi la nyuma. Asipoona kilichoko nyuma, asitoboe hapo. Aanze na biti ya milimita 3, aweke kipande cha ubao nyuma ili biti isiruke ndani, kisha afungue hadi 6. Tupa, praima, rangi, asubiri. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki, na nati ziwe zile zenye mviringo wa plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Zile skrubu zinazojitoboa zenyewe aziache, kwenye chuma chembamba zinalegea haraka. Gundi na silikoni pia hazitoshi kubeba raba, zitaachia kwenye mvua ya kwanza. Akaze mpaka raba ibanwe vizuri, siyo mpaka ubapa ukunje.

Kama fundi yeyote atakwambia ni rahisi zaidi kuchomelea kishikizo, usikubali ifanyike uani. Kuchomelea kunahitaji betri itenganishwe, waya na mabomba yaondolewe au yafunikwe, na kamwe si karibu na tanki. Hiyo iende gereji inayojua kazi hiyo, au iachwe. Vivyo hivyo, baada ya kufunga, ikiwaka taa ya ABS, au taa moja ya nyuma ikizimika, au ukisikia harufu ya mpira unaoungua, msiendelee na safari mkisubiri kuona. Mtu aje aangalie kwa macho.

Nilikwambia uanze na za mbele kwa sababu ndizo zinazolinda milango yako. Lakini za nyuma usiziahirishe muda mrefu, na sababu yake haiko kwenye gari lako. Jiwe lililorushwa na tairi lako la nyuma linabaki hewani likiwa limepoteza sehemu kubwa ya mwendo wake wa mbele, kisha anayekufuata analifuata kwa kasi yake yote. Akiwa kwenye gari, kioo kinapasuka. Akiwa kwenye bodaboda, ni uso wake. Na asubuhi ukishuka kutoka Isyonje kwenda Uyole kando ya lami kuna watoto wa shule wanatembea na sare safi ambazo mama zao walizifua jana jioni na kuzikausha kwa moto kwa sababu jua halikutoka. Mimi nimeishi kwenye barabara hiyo. Kama fedha inatosha jozi moja tu mwezi huu, anza na za mbele. Mwezi ujao weka za nyuma.

Baada ya wiki moja ya safari, dereva apitishe spana kwenye nati zote, kwa kuwa raba hujibana kidogo na nati zinabaki na ulegevu. Kila mkiosha gari, maji yapigwe pia nyuma ya raba, pale panapobanwa na fenda, mpaka yatoke masafi. Na mvua ikinyesha vizuri kwenye njia yako, fanya tena lile jambo la kwanza: liache tope likauke, simama pembeni, tazama ule upepeo. Kama sasa unaishia kwenye raba na mlango umebaki na vumbi tu, kazi imekwisha. Kama bado kuna mstari mwembamba unaopita nje ya raba, ongeza upana wa sentimita 2 upande huo. Kama upepeo unapita chini yake na kufika kwenye mlango wa nyuma, teremsha raba kidogo, lakini pima tena ukiwa na gunia mgongoni mwa gari.